Fotei ya Mama na Mukeka ya Alima

Lubumbashi, zone ya Kenya, le 9 février 1975

Yaya Yuma,

Nakuamkia, kiisha nakuamkia tena, juu barua yenye nilikuandikia wakati bajirani balikuwa na Noeli, haukuijibu. Shiye huku tuko wazima. Batoto beko wazima. Bwana yangu anaenda ku kazi ku usine asubui, anarudia mangaribi, anauliza kama bukari iko. Mvua inapiga sawa tulimukosea kintu.

Habari ya quartier: jirani yangu Kapinga, ule Muluba wa nyumba ya pili, alisikia vijana ba Parti banapita kutafuta bamama ba kuvaa perruque, ile nywele ya bandia, juu authenticité inaikataza. Akakimbia, akaficha perruque yake mu mufuko ya bunga. Kiisha akasahau. Yaya, tulikula kwake siku ya mungu, bukari ya ile bunga iko na ndevu! Bwana yake alivuta munywele moja mu kinywa, akavuta, akavuta, mi nikasema mu roho yangu, huyu atatosha bibi muzima inje.

Bon. Unaniuliza Mama iko namna gani. Mama ananona! Bwana yangu alimutengenezea fotei kwa fundi wa Kamalondo, mbao nzito, mito mbili, mikono ya kuegemea. Toka asubui Mama iko mule ndani sawa commissaire mu bureau. Kutwanga majani ya sombe, nilimukataza. Kufagia, nilimukataza. Maji namuletea paka pale pale tu. Mama akizaa mutoto wa kike, na yee mwenyewe anashika ufagio, bantu batasema nini? Na anakula! Bukari sawa kichwa ya mutoto, na chai ya sukari mingi. Sahani inarudiaka tupu, inangaa.

Unasema ndoa ya mutoto wako Alima iko mu mwezi ya nane. Tunashukuru Mungu. Usikuwe na wasiwasi juu ya kazi ya Mama, nkambo yake Alima. Najua vile iko mu ukoo yetu: nkambo anaikala chini ku mukeka na bibi arusi, kiisha nkambo njo anasimama wa kwanza, anamuvuta mutoto na mukono, anamutosha inje. Bibi arusi akimuinua nkambo, kwetu banasema ile nyumba inaingia na mugongo, ni mukosi. Mama iko tayari. Nakutumia photo, angalia vile anajaza fotei. Ni mi nilimunonesha.

Na mi mwenyewe nanona, usicheke: nikipita mu njia, kuku ya Kapinga inatoka pembeni bila kufukuzwa.

Mudogo yako,
Feza


Sakania, le 16 mars 1975

Feza, mudogo yangu,

Huku salama. Duka inatembea. Alima anakuamkia, yee njo anapeleka hii barua ku gare. Toka mama yake alikufa, nyumba iko kimya. Yee anapika, mi nakunywa chai.

Photo niliiangalia mingi. Naona Mama alivaa pagne moja juu ya ingine juu ya ingine, na tricot ya baridi juu, mu joto ya mwezi ya pili. Mukono yenye kutoka mule ndani iko sawa kijiti ya kiberiti.

Nakuuliza kintu moja: Mama anasimamaka toka chini, ku mukeka, peke yake? Unijibu paka ile moja tu.

Nilitaka kuja kuangalia na macho yangu, lakini kazi iko mingi. Nitakuja mwisho ya mwezi. Velo, ile baiskeli yangu, niliiuzisha. Muzee wa duka atafanya nini na velo.

Yuma


Lubumbashi, le 27 avril 1975

Yaya,

Usikasirike, nilichelewa juu ya matanga, kiisha juu ya arusi, kiisha juu ya mafua. Tunakuamkia bote. Mwisho ya mwezi ya tatu tulikungojea, nilipika samaki, tulikula bila weye, ilikuwa mutamu.

Kapinga alisafisha perruque, akaianika nyuma ya nyumba, imbwa ikaichukua. Sasa imbwa njo inavaa authenticité mubaya mu quartier, vijana ba Parti banaikimbiza na mawe.

Na mi nilipata haya yangu, nakuelezea juu utaisikia tu kwa bengine. Samedi ya salongo, ile kazi ya bure ya serikali, balituambia kungoa majani mbele ya bureau ya Parti. Nikachutama sawa bengine. Nikangoa. Saa ya kuinuka, miguu ikakataa. Nikajaribu tena: hapana. Basi nikashika ile majani moja, nikaendelea kuivuta, bantu basizani niko nakwama. Chef akapita, akasema: «Muangalie citoyenne Feza! Muntu wa mapinduzi! Bengine banakata yulu, yee anatafuta muzizi!» Bakanipigia mikono. Bote balipoenda, Kapinga akaninyanyua na muti ya jembe.

Mama iko muzuri. Ile pagne mingi ni juu ya baridi. Unauliza mukeka: Yaya, juu ya nini tumuweke Mama chini na fotei iko? Hata kuswali anaswalia mule. Shehe wetu alisema muntu wa kukosa nguvu, Mungu anamukubalia vile iko.

Na weye, velo uliiuzisha juu ya nini? Ile velo ulikuwa unaipenda kupita bibi. Kapinga anasema pengine unataka kununua voiture. Usiniulize nilimuambia juu ya nini.

Feza


Sakania, le 18 mai 1975

Feza,

Salamu kwa bote. Nilikuuliza kintu moja, ukaniandikia juu ya imbwa.

Chola, ule wa kutumika mu train, alipita kwako kuchukua barua. Anasema Mama alifungwa kitambaa ku mukono, na ku kipaji ya uso kuko alama. Akamuuliza, Mama akajibu asema mbuzi njo ilimupiga. Feza, hauna mbuzi.

Nkambo ya muoaji alikuja hapa juzi. Muzee kabisa, lakini alibeba fungu ya kuni ku kichwa, akaishusha mwenyewe. Akaniambia kama Mama hana nguvu, yee iko tayari kuikala ku mukeka na Alima. Najua maana yake. Mutoto wetu atatoshwa mu nyumba yetu na mukono ya bale ba kumuoa, sawa mayatima. Lakini iko muzuri kupita bantu kucheka Mama.

Ukiendelea na habari ya perruque, nitamukubalia.

Yuma


Lubumbashi, le 8 juin 1975

Yaya Yuma,

Leo sina salamu murefu. Kapinga iko, batoto beko, basi.

Barua yako nilimusomea Mama. Nilitaka kuruka pale pa ule nkambo wa kuni, lakini unajua Mama: akiona macho yangu inaruka, anashika karatasi, hata hajue kusoma. Nikasoma yote. Akasema: «Nileteeni mukeka.»

Tukamushusha chini. Akasema: «Mutoke mbele yangu.» Akaweka mikono chini, akanyanyua kiuno, ikarudia. Akanyanyua tena, ikarudia. Akaangalia ukuta. Mi nilimuona Mama akizika baba, Yaya, na hakuangalia ukuta vile.

Haikuwa mbuzi. Ile siku ya mwezi ya ine, muchana, alitoka mu fotei kwenda kutawaza juu ya swala, magoti ikakunjika sawa pagne ya maji, akaanguka ku mulango. Mi nilikuwa ku barazani namuelezea Kapinga vile namuchunga Mama muzuri. Nilikuwa bado nasema nikasikia pwaa. Sikukuandikia juu nilikuwa nangojea unisifu, na sifa yako inakujaka mara moja mu miaka kumi.

Basi nikamupeleka ku dispensaire. Infirmier iko Mubemba, anaitwa Mulenga, muntu wa kucheka. Akaanza kumutosha Mama pagne: moja, ingine, ingine. Mama akasema: «Weye mutoto, unatosha maganda ya kitunguu?» Mwisho ya pagne, Yaya, hakukuwa muntu. Kulikuwa tumbo kiloko ya mafuta ya bukari, na miguu mbili sawa ya korongo.

Mulenga akaniuliza anakula nini. Nikajibu na kiburi. Akasema: «Mama Feza, bukari na sukari inajaza. Haijenge. Muntu akizeeka, nyama ya mapaja inaisha yenyewe pole pole, sawa sabuni. Kama haukule ya kuirudisha, samaki, maharagi, mayayi, karanga, nyama, na kama haukutumikishe miguu, inaisha mbio. Muntu anaweza kunona na iko nakauka mu ndani.»

Nikasema: «Lakini nyama namupatiaka! Sahani inarudiaka tupu!»

Akaniangalia. «Na weye, simama ku kile kiti bila kushika kintu.»

Yaya. Nilisukuma. Kiti ikaja na mi. Balicheka mpaka ba mu couloir. Mama alicheka wa kwanza, akasema: «Docteur, tuandikie bote mbili.»

Kurudia nyumba, nikajificha nyuma ya rideau ya mulango kuangalia ile sahani. Nikaona. Batoto banakuja, moja moja, na Mama anabatilia mu kinywa: huyu nyama, huyu samaki, huyu nyama. Yee anakula bukari na maji ya mboga. Nikatoka: «Mama! Njo vile unanifanya?» Akasema: «Nkambo gani anakula nyama batoto banamuangalia?» Nikasema: «Mama, kila mutoto alishakula yake.» Akafungua kinywa, akanionesha. Mu pembe ya nyuma hakuna kitu. Hana meno ya kutafuna, Yaya. Alikuwa naona haya. Miezi yote ile mi nahesabia sahani, sikuangalia kinywa.

Basi, hii njo tunafanya. Nyama napika, kiisha natwanga. Ndakala, ile samaki ndogo ya kukauka, natwanga, karanga natwanga, natia mu sombe. Mayayi naikoroga mu uji. Maharagi inapikwa mpaka inasahau jina yake. Na juu ya kutwanga, Mama akasema: «Lete kinu hapa. Weye unatwanga sawa muntu anabisha hodi.» Akatwanga mwenyewe, kwanza na mikono mbili, kiloko, akapumzika, akatwanga tena. Mulenga alisema njo dawa. Fotei tukaitosha inje. Anaswalia chini. Kurukuu anaweza. Ku sujudu anabakia pale murefu, mbele nilifikiri iko naomba sana.

Asubui tunajifunza kuinuka ku mukeka. Nikamuambia: «Mama, angalia mi, vile banainukaka.» Nikashuka. Nikaweka goti moja. Nikaweka ingine. Kiisha nikabakia. Tukabakia bote mbili chini, mama na mutoto, tunaangaliana sawa magunia mbili ku gare. Mama akaita: «Kapinga! Leta jembe!»

Nakuomba, usimupatie ule nkambo wa kuni mukeka. Ngojea. Mama anakula sasa na hasira, na hasira yake unaijua.

Feza


Sakania, le 2 juillet 1975

Feza,

Mukeka iko ya Mama.

Mutakaposhuka ku train, nitatuma muntu kuwapokea. Mi mwenyewe sitafika ku gare, kazi iko mingi.

Yuma


Lubumbashi, le 10 août 1975

Yaya,

Salamu na haraka, juu Chola iko mu barazani anangojea hii barua na anangojea Mama.

Mi sitakuja. Usilie. Juzi Mama alisimama ku mukeka peke yake. Goti, mukono ku goti, na yulu! Bila kushika ukuta. Kapinga akapiga vigelegele. Na mi, furaha ikanishika, nikataka kuonesha na mi naweza, nikasimama mbio. Nilisimama kweli. Goti njo haikuja. Sasa iko sawa boga, Mulenga aliifunga na kitambaa. Mwalimu amelala, mwanafunzi anapanda train.

Anaweza kusimama yee peke. Kusimama na kumuvuta mutoto wa miaka makumi mbili, hatukujaribu, juu wa kuvuta nilikuwa paka mi, na Mulenga alikataza. Asema Mama aliponeshwa juu avute bibi arusi, hapana juu avute locomotive.

Anakuja na kinu yake. Nilimuambia: «Mama, Sakania kuko kinu.» Asema: «Ile sijue.»

Kintu moja, Yaya. Chola niliikalisha, nikamupatia chai, nikamuuliza juu ya kazi yako yenye iko mingi. Akaangalia kikombe. Nikamuuliza tena. Akasema chai iko mutamu. Mi niko muntu wa maneno, najua muntu anaficha. Lakini sikuuliza mara ya tatu. Andika hii ku ukuta: Feza hakuuliza.

Unielezee yote. Usiniandikie mistari mbili sawa télégramme.

Mwenye boga,
Feza


Sakania, le 1er septembre 1975

Feza, mudogo yangu,

Goti iko namna gani? Tunakuamkia, mi, Mama, na bakwe. Hii barua iko murefu kupita zangu zote. Mama iko pembeni, anaangalia kama naandika.

Ku gare Mama alishuka mu train mwenyewe. Alipofika hapa, akanikuta mu kiti mbele ya duka. Nikamuamkia nikiwa nimeikala. Mama akaniangalia, akaweka kinu yake chini, akaingia mu cuisine, nikasikia anauliza Alima: «Baba yako anakula nini?» Alima akasema: «Chai na mukate, Nkambo. Nyama anaachiaka bageni.»

Siku ya ndoa, nyumba ilijaa. Ule nkambo wa kuni aliikala karibu na mulango, mikono yake tayari. Mama na Alima bakaikala ku mukeka. Bamama bakaimba. Wimbo ikaisha. Mama akaweka goti. Akaweka mukono ku goti. Nilimuona anatetemeka, Feza. Nilisikia muntu anasema «tumusaidie», na Mama akasema bila kugeuka: «Muniguse, muone.» Akasimama. Akapumua. Akanyoosha mukono, Alima akashika. Nilijua mutoto wangu atasukuma na miguu yake mwenyewe, asimulemeshe nkambo. Hapana. Mama akamuambia: «Acha buzito yako kwangu.» Akavuta. Alima akatoka chini. Vigelegele ilienda mpaka ku forodha.

Sasa nakuelezea ile yenye haukuuliza.

Baba ya bibi arusi anapaswa kusimama, kumupatia mutoto baraka ku mulango. Mi nilikuwa mu kiti, na abacost mupya, ile koti ya authenticité. Toka mwaka jana siwezi kuinuka bila kushikwa. Velo niliiuzisha juu nilianguka nayo. Ku gare siendeke juu ya ngazi. Kwako sikuja juu ya train. Nilikuwa nakuuliza Mama anasimamaka, na mi mwenyewe Alima njo ananinyanyua asubui. Nilipanga bantu bakipiga kelele, Chola anipitie nyuma, anisukume. Lakini Chola alikuwa inje.

Bantu bote bananiangalia. Mama akatoka ku mulango na Alima ku mukono moja. Akaja mbele yangu. Akaninyooshea mukono ingine, na akasema na sauti ya kusikika: «Kwetu nkambo anasimamisha bibi arusi, kiisha anasimamisha baba yake. Simama, mutoto yangu.»

Haiko desturi yetu, Feza. Haijakuwa hata siku moja. Nilishika mukono yake na ile mukono ya kiti, nikasimama. Bantu bakapiga mikono. Ule nkambo wa kuni aliniambia kiisha: desturi yenu iko muzuri, na shiye tutaifanya. Juma iliyopita kulikuwa ndoa ingine huku. Nkambo alimuvuta bibi arusi, kiisha akamuvuta baba yake. Ule baba iko kijana, anacheza mupira.

Mama anasema harudie Lubumbashi bado. Anatwanga ndakala asubui, na mi ananipatia muti ya kutwangia. Ananikataza kiti. Mbele ya kila chakula anasema: «Kinywa wazi, nione kama unameza.» Niko na miaka makumi sita na moja.

Anakuuliza: fotei yake iko wapi, na nani anaikala mule?

Yaya yako,
Yuma


Lubumbashi, le 21 septembre 1975

Yaya Yuma, muzee wa kuvutwa,

Tunakuamkia na nguvu yote yenye iko, mingi iko ya Kapinga. Barua yako niliisoma, nikalia, nikacheka, nikaisomea Kapinga. Hapana, sikumusomea pale pa miguu yako. Nilitaka sana. Ulimi ilinikuna siku tatu. Muambie Mama ile njo kazi nguvu kupita mukeka.

Goti ilirudia ukubwa ya goti. Mulenga alikuja kuiona, nikamuuliza kama mi bado niko kijana kwa maneno ya kukauka mu ndani. Asema: «Mama Feza, hii maneno haingojee muntu akuwe nkambo.» Basi natwanga. Sombe yangu mwenyewe, na ya Kapinga tena, na samedi ku salongo nilichutama, nikangoa, nikainuka. Chef akauliza: «Citoyenne, leo muzizi hapana?» Bantu habasahauke.

Juu ya fotei: jibu njo hii. Nilipoiweka inje, nikasema nitaiikalia kiloko tu, jioni, kupumzisha goti. Nilifika pale, nikakuta kuku ya Kapinga mu katikati ya muto, ananiangalia na jicho moja. Nikamufukuza, akakataa. Kapinga akasema kuku iko yake, mi nikasema fotei iko yangu, tukaitana majina mpaka quartier ikatoka. Mwisho tulikubaliana: kuku anaikala, mayayi tunagawana.

Kila asubui yee anakula muzuri, anaikala, ananona, hafanye kintu ingine. Mi nasimama mbele yake, naokota yayi, nainama na nainuka. Muambie Mama asiwaze. Mahali yake iko na muntu.

Mudogo yako mwenye kusimama,
Feza